Maswali ya Wasomaji: Sainasi Isiyokwisha Huanzia Wapi?

Barua nne zilizofika mezani safari hii zinahusu pua na uso, na ingawa walioziandika hawafahamiani, wote wanauliza jambo moja: kwa nini ugonjwa unatibiwa, unaondoka, kisha unarudi. Nimeipa barua ya kwanza nafasi kubwa kwa sababu imeeleza mengi, na majibu ya tatu zinazofuata yanategemea yaliyosemwa humo.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina umri wa miaka 38. Kwa miaka sita sasa nasumbuliwa na sainasi. Pua zote mbili huziba, mashavu na sehemu ya kati ya macho huwa mazito, na makamasi hushuka kooni usiku kucha hadi naamka nikikohoa. Nimepewa antibiotiki mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kuhesabu. Kila ninapozimeza napata nafuu ya wiki moja au mbili, kisha hali inarudi. Nilipigwa eksirei nikaambiwa "una sainasi", basi. Mwezi uliopita wali uliungua jikoni nami nimekaa papo hapo, sikusikia harufu yoyote mpaka mwanangu alipopiga kelele. Mama mkwe anasema ni kwa sababu naoga maji baridi alfajiri. Mwenzangu kazini anasema ni vumbi la chaki. Jirani aliyefanyiwa upasuaji anasema nisithubutu, kwa kuwa ugonjwa hurudi palepale. Utotoni nilikuwa na pumu. Kinachonisaidia kwa sasa ni matone ya kuzibua pua, ambayo nayatumia kila usiku tangu mwaka jana. Naomba kujua chanzo hasa ni nini. — Mwalimu, Tanga

Marahaba, mwalimu. Swali lako la mwisho lilipaswa kuulizwa tangu mwaka wa kwanza, na wa kuliuliza hukuwa wewe bali sisi watabibu tuliokuandikia dawa. Naomba unisikilize kwa kirefu kidogo, maana chanzo cha ugonjwa huu hakieleweki bila kwanza kujua viungo vyenyewe vinavyofanya kazi.

Sainasi si jina la ugonjwa. Ni jina la vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo: jozi moja ndani ya mashavu, jozi nyingine juu ya nyusi, vijumba vidogo vingi vilivyopangana kati ya macho na pua, na jozi ya nne iliyofichika nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Kwa hiyo maneno "una sainasi" yanataja mahali palipougua, lakini hayasemi kilichopauguza. Vyumba hivyo vimetandikwa ndani utando laini unaotoa ute mchana na usiku, na juu ya utando huo kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo hupiga makasia bila kupumzika na kuusukuma ute kuelekea mlangoni, ukamezwe pamoja na vumbi na vijidudu ulivyovinasa.

Ajabu ya maumbile ni kwamba mlango wa chumba cha shavu hauko chini, pale ambapo maji yangetiririka yenyewe, bali uko juu karibu na dari, hivyo ute lazima upandishwe. Daktari Walter Messerklinger wa Graz, nchini Austria, ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili aliutazama kwa miaka mingi mwendo wa ute huo, alionyesha kwamba vijinywele vina njia zao zisizobadilika: hata tundu jipya likitobolewa chini ya chumba, ute hulipita pembeni na kuendelea kupanda kwenye mlango wake wa asili. Alionyesha pia kwamba vyumba vya mashavu, vya paji la uso na vile vya mbele kati ya macho humwaga ute wake katika kichochoro kimoja cha pembeni mwa pua, chenye upana wa milimita chache tu. Kichochoro hicho kikivimba kidogo, vyumba vitatu hufungiwa kwa pamoja.

Mafua ya kawaida hukifunga kwa siku saba hadi kumi, kisha utando unanywea na milango inafunguka, na ni wagonjwa wachache sana, pengine mmoja au wawili katika kila mia, ambao bakteria huwaingilia juu ya mafua hayo. Hali yako ni nyingine. Dalili za kuziba pua au kushuka kwa makamasi, pamoja na uzito wa uso au kupotea kwa harufu, zikikaa kwa wiki 12 au zaidi bila kukatika, tunaziita sugu, na usugu huo haumaanishi kwamba kuna mdudu mmoja mkaidi aliyeishinda antibiotiki. Unamaanisha kwamba utando wenyewe umevimba na haunywei. Bakteria wanaokutwa humo mara nyingi wamekuja baadaye, wakakuta ute umetuama. Ndiyo maana dawa inayowapunguza inakupa wiki mbili za nafuu na haikupi mwezi wa tatu.

Nakuomba usiichukulie hoja hii kuwa ya vitabuni tu, kwa sababu hata watafiti wakubwa wamewahi kuteleza hapo. Mwaka 1999 watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walitangaza kwamba wamekuta fangasi katika ute wa wagonjwa 202 kati ya 210 wa sainasi sugu, yaani asilimia 96, na kwa muda ikaonekana chanzo kimepatikana. Lakini katika kazi hiyohiyo watu 14 wenye afya walipimwa kwa njia ileile, na wote 14 walikuwa na fangasi. Baadaye dawa ya fangasi ya kusafishia pua ilipojaribiwa kwa kulinganishwa na maji yasiyo na dawa hiyo, haikuonyesha faida. Kiumbe kukutwa ndani ya pua ni jambo moja, na kuwa yeye ndiye aliyeanzisha ugonjwa ni jambo jingine kabisa.

Sasa nirudi kwako. Barua yako ina mambo matatu ambayo yakikaa pamoja husema mengi: ugonjwa uko pande zote mbili, harufu imepotea, na uliwahi kuwa na pumu. Mtu mwenye hayo matatu hushukiwa kuwa na vinyama vya pua, yaani sehemu za utando zilizovimba na kujaa maji hadi zikaning'inia ndani ya pua mfano wa zabibu zilizomenywa. Usivichanganye na zile nyama za nyuma ya pua ambazo huwafanya watoto wakorome na kulala midomo wazi. Hizo ni tezi, nazo hupungua mtoto anavyokua. Vinyama vya mtu mzima havina hisia na haviumi, lakini huziba paa la pua, mahali penye mishipa ya kunusa, na hilo ndilo lililoufanya wali uungue mbele yako bila wewe kujua. Siwezi kukuambia kwa barua kwamba unavyo. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu yeyote aliyepoteza harufu kwa miezi anastahili kuangaliwa ndani ya pua kwa taa na kamera nyembamba, na kwamba eksirei ya uso haivionyeshi vizuri.

Pua na mapafu ni njia moja ya hewa iliyotandikwa utando wa aina moja, na kinga ya mwili inayovimbisha mirija ya mapafu kwa mwenye pumu ndiyo hiyohiyo inayoweza kuvimbisha pua. Hapa nina swali ambalo naomba ulijibu kwa daktari atakayekuona: je, umewahi kubanwa kifua au kuziba pua ghafla, saa moja au mbili baada ya kumeza aspirini, diklofenaki au ibuprofeni? Wapo watu ambao pumu, vinyama vya pua na kudhuriwa na dawa hizo hukutana ndani ya mwili mmoja. Daktari Mfaransa Fernand Widal na wenzake walieleza hali hiyo mwaka 1922, nayo hubadilisha matibabu yote. Mtu wa namna hiyo akipewa diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya uso anaweza kuhatarishiwa maisha.

Mzio nao haujaondoka katika hesabu, ingawa hukutaja chafya za mfululizo wala muwasho wa pua na macho. Katika miji ya pwani hewa ina unyevu mwingi, na utitiri wa vumbi la nyumbani, mdogo kiasi cha kutoonekana, hustawi ndani ya magodoro, mito na mazulia. Kinyesi chake, pamoja na mabaki ya mende, ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa pua. Kuanika godoro juani, kufua mashuka kwa maji ya moto kila wiki na kuondoa zulia chumbani ni mambo ya gharama ndogo. Kwa moshi sina ulegevu. Moshi wa kuni na mkaa, wa koili za mbu, wa sigara ya mwingine, na hata ule mtamu wa udi na ubani katika chumba kilichofungwa, huzichosha kasia za vijinywele nilizozieleza. Sikuambii uvunje chetezo. Nakuomba ufukize nguo na chumba ukiwa nje, madirisha yakiwa wazi, nawe urudi moshi ukiisha. Chaki iweke katika kundi hilohilo la vichokozi: inaudhi utando uliokwisha kuvimba, lakini ingekuwa ndiyo chanzo basi likizo ya Desemba ingekuponya. Kuhusu maji baridi ya alfajiri, kwa heshima zote kwa mama mkwe, hayaleti sainasi sugu, japo pua yenye mzio huweza kutiririka kwa kubadilika kwa joto.

Matone ya usiku ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko yote uliyoyataja. Dawa za kuzibua pua zenye oksimetazolini au zailometazolini hubana mishipa ya damu ya utando, na kwa siku tatu hadi tano zinafaa. Zikizidi hapo, utando huzoea, na kila dawa inapokwisha nguvu mishipa hutanuka kupita ilivyokuwa, pua ikaziba zaidi, nawe ukarudia chupa. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya kuziba kwako kwa sasa ni kazi ya matone hayo. Usiyaache kwa hasira siku moja ukashindwa kulala. Anza dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, yaani kipunguza uvimbe, utakayoandikiwa, acha matone upande mmoja wa pua kwanza, kisha baada ya wiki moja au mbili uache upande wa pili.

Dawa hiyo ya kupuliza ndiyo nguzo ya matibabu ya uvimbe wa sainasi, na wengi huitupa kwa kudhani haifanyi kazi kwa sababu haizibui pua papo hapo. Inahitaji wiki kadhaa za matumizi ya kila siku. Inamisha kichwa mbele kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia unapopuliza pua ya kushoto, na wa kushoto kwa pua ya kulia, ili mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio na sio kwenye ukuta wa kati, ambao ukipulizwa kila siku hutoka damu. Baada ya hapo usivute kwa nguvu, maana dawa itaishia kooni.

Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina idara hizo. Mwombe akuchungulie kwa kamera. Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta kuonyesha ndani ya uso, kitakuja baada ya kutumia dawa kwa wiki kadhaa, wakati huna mafua mapya, kwa kuwa mafua peke yake huchafua picha. Kipimo cha sukari na cha virusi vya ukimwi ni sehemu ya uchunguzi wa ugonjwa wowote usiokubali kupona, na nakusihi usivione kama tuhuma.

Jirani yako naye ninamwelewa. Upasuaji wa kamera, ambao tangu mwaka 1985 Daktari David Kennedy aliuita kwa jina linaloonyesha kuwa lengo lake ni kurudisha kazi ya sainasi, huondoa vinyama na kupanua ile milango ya asili aliyoieleza Messerklinger. Hauondoi tabia ya mwili ya kuvimba. Aliyepasuliwa kisha akaacha kuosha pua na kupuliza dawa kwa sababu alijiona amepona, vinyama vyake huota upya, na hapo lawama huangukia kisu. Upasuaji hufungua njia ili dawa ifike ilipokuwa haifiki. Ukikubaliana na hilo tangu mwanzo, hutasikitishwa nao.

Daktari, mimi ni fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, miaka 45. Tangu mwezi wa tatu pua yangu ya kulia tu inatoa usaha wenye harufu mbaya, naisikia mimi mwenyewe. Shavu la kulia linauma nikiinama kupiga randa. Pua ya kushoto haina tatizo lolote. Nimemeza dozi tatu za antibiotiki. Watu wanasema ni vumbi la mbao. — Fundi, Keko

Fundi, neno lililo zito katika barua yako ni "tu". Vumbi unalovuta huingia pua zote mbili kwa usawa, na mzio pia hauchagui upande. Ugonjwa unapokaa upande mmoja na kuuacha mwingine salama, tunatafuta kitu kilichopo upande huo peke yake, na kwa mtu mzima mwenye usaha unaonuka, jambo la kwanza ni jino.

Mizizi ya magego ya juu hufika kwenye sakafu ya chumba cha shavu. Kwa watu wengi imetenganishwa nacho na mfupa mwembamba, na kwa wengine na utando tu. Jambo hili halijaanza kujulikana leo, kwani Nathaniel Highmore, tabibu Mwingereza aliyekieleza chumba hicho katika kitabu chake cha mwaka 1651, aliandika habari za mgonjwa wa kike aliyeng'olewa jino la juu na kubaki na tundu lililofika ndani ya shavu. Jino lililokufa huweza kupitisha usaha juu kwa miezi bila kuuma, kwa sababu usaha umepata pa kutokea. Kwa hiyo jiulize: je, kuna gego la juu kulia lililozibwa, lililowahi kuuma kisha likanyamaza, au lililong'olewa siku za karibuni? Ukinywa maji, je, hutokea puani? Nenda kwa daktari wa meno kabla ya kununua dozi ya nne, naye apige picha ya mizizi. Jino likitibiwa au kung'olewa ipasavyo, wagonjwa wengi wa aina hii hupata nafuu kubwa. Jino likiachwa, hakuna antibiotiki itakayomaliza kazi. Ikiwa meno ni mazima, kipimo cha CT kitaonyesha kama kuna donge la fangasi lililojikusanya ndani ya chumba, ambalo nalo hupenda upande mmoja, na tiba yake ni kulitoa.

Sijaisahau mbao. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona kwamba mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe walikuwa wakipatwa na saratani ya ndani ya pua, ambayo ni nadra mno kwa watu wengine, na leo vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Huchukua miaka mingi, mara nyingi miongo, na simaanishi kwamba unayo. Namaanisha kwamba fundi mwenye pua iliyoziba upande mmoja, hasa ikitoa damu, shavu likifa ganzi au jicho likianza kusukumwa nje, hapaswi kungoja wiki mbili kuonwa. Vumbi la mvule lina sifa ya ziada ya kuleta mzio wa pua na pumu. Vaa barakoa inayoshika vizuri usoni wakati wa kupiga msasa, nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, na usijipulize vumbi mwilini kwa upepo wa kompresa.

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa chuo, Nakuru. Sainasi yangu hunijia karibu kila mwezi: maumivu makali juu ya jicho moja, yanagonga kama moyo, mwanga unanikera na wakati mwingine natapika. Pua haizibi sana, hutoa maji kidogo tu. Baada ya siku moja yanaisha yenyewe. Nitumie dawa gani? — Dada, Nakuru

Dada yangu, lugha yetu ilikwisha kuupa ugonjwa wako jina zamani, nalo ni kipandauso. Maumivu yanayogonga upande mmoja, yanayokuja na kichefuchefu na kuchukia mwanga, yakaisha ndani ya siku moja mpaka tatu na kukuacha mzima, hayafanani na sainasi sugu, ambayo hukaa kwa wiki 12 au zaidi na ambayo dalili yake kuu ni pua na sio kichwa. Maji kidogo yanayotoka puani hutudanganya wengi: mshipa wa fahamu wa usoni unaochokozwa na kipandauso ndio huohuo unaohudumia pua na macho, kwa hiyo pua hutiririka na jicho hulia ingawa vyumba vya sainasi ni safi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, watu 2,991 waliojiita au walioambiwa na madaktari kuwa wana maumivu ya kichwa ya sainasi walichunguzwa upya, na asilimia 88 kati yao walikuwa na dalili za kipandauso.

Andika katika daftari siku maumivu yanapoanza, ulivyolala, ulichokula, na siku zako za hedhi, kisha mpelekee daktari daftari hilo. Kipandauso kina dawa zake za kutuliza na za kuzuia, na antibiotiki haimo. Lakini zipo dalili zisizongoja daftari: ukope ukivimba na kuwa mwekundu, ukiona vitu viwili viwili au macho yakififia, shingo ikikakamaa pamoja na homa, au mtu akianza kuchanganyikiwa, usaha huenda umevuka kutoka sainasi kuelekea jicho au ubongo. Hapo ni hospitali usiku huohuo. Na mgonjwa wa kisukari ambaye uso umevimba upande mmoja na pua kuonyesha gaga jeusi aharakishwe zaidi ya wote, maana kuna fangasi anayekula mishipa ya damu kwa siku chache tu.

Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mzee wa miaka 67, Unguja. Napandisha maji puani mara tano kwa siku ninapotia udhu, na bado pua huziba kila msimu wa vumbi. Mjukuu wangu ananiambia niongeze kuosha pua kwa maji ya chumvi. Je, haitoshi niliyo nayo? Na kujifukiza kwa mvuke kunasaidia? — Mzee, Unguja

Wa alaykumu ssalaam, mzee wangu. Maji ya udhu husafisha sehemu ya mbele ya pua, nayo ni kheri, lakini hayafiki kwenye kile kichochoro kinachopokea ute wa sainasi. Mjukuu wako amesema kweli. Kuosha pua kwa maji ya chumvi yanayoingia tundu moja na kutokea jingine huondoa vumbi, ute mzito na vitu vinavyovimbisha, na ni miongoni mwa matibabu machache ya pua ambayo karibu kila mgonjwa anaweza kuyatumia kwa miaka bila madhara makubwa.

Chukua nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa mpaka yawe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi ambacho hakikujaa, ukoroge hadi iyeyuke. Chumvi isiyo na madini ya joto haiwashi sana kama ile yenye madini hayo. Inama juu ya sinki, elekeza kichwa upande, pumua kwa mdomo, na bonyeza polepole chupa laini ya kuoshea pua au sindano kubwa isiyo na ncha, ukitumia nusu ya maji kwa kila upande. Ikikuchoma kama maji ya kisima, chumvi ni kidogo. Ikikuwasha kama maji ya bahari, imezidi. Osha kwanza, kisha baada ya robo saa upulize dawa ya steroidi ikiwa umeandikiwa, la sivyo maji yataifuta.

Nimesisitiza maji yaliyochemka kwa sababu nzito. Katika maji yasiyo ya chumvi, hasa yenye joto, huweza kuishi amiba, kijidudu cha seli moja, aitwaye Naegleria fowleri, ambaye akinywewa hana madhara, lakini akipandishwa juu ya pua huweza kufika kwenye ubongo, na walio wengi mno wanaoambukizwa hufa. Ni ugonjwa nadra sana. Hata hivyo mwaka 2011 watu wawili wa jimbo la Louisiana nchini Marekani walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba, na mjini Karachi, Pakistan, wagonjwa wameripotiwa ambao hawakuogelea popote, wakashukiwa kuambukizwa kwa maji ya nyumbani, yakiwemo ya udhu. Chemsha kwa dakika moja tangu maji yaanze kutokota kwa nguvu; anayeishi kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000 achemshe dakika tatu. Chupa ioshwe na ikaushwe kila siku. Kwa udhu, pandisha maji kwa upole yafike mwanzo wa pua, na ukiweza tumia yaliyochemshwa ikiwa ya nyumbani kwako hutoka kwenye tangi linalokaa juani.

Mvuke huleta faraja ya saa moja kwa kuulainisha ute, na sina ugomvi nao, ila haupunguzi uvimbe wa utando, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka imewaunguza wengi, wazee na watoto hasa. Ukitaka mvuke, maji ya moto bafuni na mlango uliofungwa yanatosha. Na kwa kuwa kuziba kwako hufuata msimu, mweleze daktari miezi yenyewe: dawa ya mzio au ya kupuliza ikianzwa wiki mbili kabla ya vumbi kuanza hufanya kazi vizuri kuliko ikianzwa pua ikiwa imekwisha kufunga.